Kompyuta ya Baba Katika Chumba cha Eda

Wiki iliyopita kompyuta yangu ya kazini iligoma kuwaka. Kioo kilibaki cheusi, kikatoa mstari mmoja wa maandishi meupe, kikanyamaza. Mwenzangu wa meza ya jirani akaniambia nisihangaike, niombe nyingine, na kweli kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshaletewa mpya. Ila nikwambie ukweli, ile robo saa niliyokaa mbele ya maandishi yale sikuwa ofisini. Nilikuwa Makorora, mtaa wetu wa Tanga, kwenye chumba cha mama kilichofungwa madirisha, na jasho likinitiririka mgongoni.

Ulikuwa mwaka niliomaliza darasa la saba. Wiki moja baada ya mtihani, baba akafariki. Moyo wake ulikuwa mbovu siku nyingi. Mama akaingia eda, na bibi, mzaa baba, akahamia kwetu kusimamia mambo. Akaamua kwamba mimi, kwa kuwa shule nimemaliza na matokeo hayajatoka, nitakaa ndani na mama mpaka siku zake ziishe. Miezi minne na siku kumi. Bibi alipenda kusema kuwa eda si kifungo, ni heshima. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na kwangu ilikuwa kifungo.

Asubuhi nilifagia ua, nikajaza mapipa, nikakuna nazi. Baada ya hapo hakukuwa na pa kwenda. Mama alikaa kitandani na nguo zake nyeupe, bila hina, bila hata tone la manukato, yeye ambaye zamani ungemjua kwa harufu kabla hajaingia mlangoni. Pazia zito lilining'inia mlangoni ili mwanamume asiye wa kwake asimwone. Kupitia dirishani niliwasikia wenzangu wakicheza rede uchochoroni, wakigombana nani katoka na nani hajatoka, na kengele za baiskeli zikipita, na muuza mikate ya ufuta akiita. Sauti zote ziliingia ndani. Sisi hatukutoka.

Na kwenye kona, juu ya meza ya cherehani, ilikaa kompyuta ya baba.

Baba alikuwa karani wa ghala. Ofisi yao ilipoletewa mashine mpya, hii kuukuu akaambiwa aichukue. Ilikuwa na kioo kikubwa chenye kisogo na kava la rangi ya maziwa yaliyochacha. Mama aliishonea kitambaa cha kuifunika. Miezi ya mwisho baba hakuweza tena kwenda kazini, na kila alasiri alikaa pale akibonyeza herufi mojamoja kwa kidole kimoja. Hatukumuuliza anaandika nini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tulizoea kumwacha na ukimya wake.

Siku mbili kabla ya kufa, akiwa hospitalini, alimwambia mama, "Kuna maneno yako nimeyaandika. Yamo kwenye kompyuta. Yasome."

Basi wiki ya tatu ya eda, wageni wa msiba walipopungua, mama alinyanyuka kitandani, akaondoa kitambaa, akaniambia niwashe.

Ikalia mlio mmoja mrefu. Kioo kikaja na maandishi ya Kiingereza kuwa mashine imesahau tarehe na mipangilio yake, tubonyeze F1 kuendelea. Tukabonyeza. Ikaja picha ya kuanzia, ile ya rangi rangi, ikakaa kidogo, halafu pakawa giza na mlio uleule tena. Maandishi yaleyale. F1. Picha. Giza. Tulizunguka hivyo hadi adhana ya alasiri, na bibi akatuita kwa sauti kali kutoka uani.

Mama hakutaka kompyuta itoke nyumbani. Vitu vya marehemu vikitoka havirudi, alisema, na tayari baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa ameshaiulizia mara mbili. Fundi naye asingeweza kuja, bibi asingekubali mwanamume mgeni ndani ya nyumba yenye eda. Na hata angekubali, mama hakutaka mtu mwingine awe wa kwanza kuyaona maneno yale. Kwa hiyo njia ilibaki moja, nayo ni miguu yangu. Pale mtaa wa Mabawa palikuwa na fundi mzee aliyetengeneza redio, televisheni, na siku hizo kompyuta pia. Nitakwenda kumweleza ugonjwa, nirudi na dawa.

Kabla sijaondoka mama alichukua daftari langu la hesabu lililobaki kurasa tupu. Akachora mistari ya wima kwa rula. Safu ya kwanza tarehe, ya pili kilichoonekana kwenye kioo, ya tatu tulichojaribu, ya nne kilichotokea. Maandishi ya Kiingereza aliyanakili mwenyewe, harakaharaka, bila kukosea herufi. Nilimwangalia mkono. Mama niliyemjua alinifundisha herufi utotoni na kuandika majina ya viungo kwenye makopo, basi.

Fundi alikuwa na miwani mizito iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu bila kuinua kichwa, mpaka alipofungua daftari. Akalisoma mara mbili. Akaniambia betri ya ndani imekufa, ile ndogo bapa kama kifungo, ndiyo maana mashine kila ikiamka haijui leo ni siku gani. Akanipa nyingine na bisibisi ya kuazima, akachora mahali pa kuiweka. Chini ya mchoro akaandika, kitu kimoja kwa wakati mmoja, mkibadilisha viwili hamtajua kipi kilichoponya.

Hivyo ndivyo ilivyoanza safari ya daftari lile kati ya Makorora na Mabawa. Siku hizo ndizo pekee nilizoliona jua la barabarani, na nilijifunza kutembea polepole.

Betri ilitibu tarehe, lakini kuzunguka kuliendelea. Kisha ikaanza kulia milio mingi bila kutoa picha kabisa. Fundi akasema ni hewa ya chumvi, hapa kwetu Tanga chuma chochote kinaota kutu hata ukikilaza kwenye pamba. Akatuagiza tuchomoe kibao chembamba alichokiita ram, tusugue meno yake kwa ufutio wa penseli. Mama alikisugua juu ya mkeka, taratibu, kama anayesafisha mkufu. Milio ikakoma. Yakaja maandishi mapya: diski haionekani. Tukachomoa waya mpana uliokwenda kwenye diski, tukaurudisha. Ikaonekana siku mbili, ingawa mashine iliishia kwenye picha ya kuanzia, kisha ikapotea tena. Tukaona kwamba kukiwa na baridi ya asubuhi haionekani kabisa, lakini ikiachwa ikapata joto, saa nane au tisa hivi, huwa inaamka na kukwaruza kama panya darini. Mama ndiye aliyegundua hilo, kwa kusoma safu zake kuanzia juu hadi chini. Aliandika saa ya kila jaribio. Sikujua hata kwamba alikuwa anaandika saa.

Fundi aliposoma ukurasa ule, nami nikamwambia ni kazi ya mama, akavua miwani.

"Mama yako anafundisha shule gani?"

Nikamwambia hafundishi, yuko nyumbani tu. Akalifunga daftari, akasema basi nimwambie diski inakaribia kufa, itafunguka mara moja au mbili, na siku ikifunguka tusiizime mpaka tumalize haja yetu.

Nilipomweleza mama kuhusu swali la fundi, alicheka kwa pua. Akasema zamani alimaliza kidato cha nne, akaomba chuo cha ualimu huko milimani, jina lake halikurudi. Alisubiri barua mwaka mzima. Alikuwa ameshaolewa tayari, na baba ndiye aliyekuwa akienda posta kila wiki kuangalia. Akaona labda hakustahili. Aliyasema hayo huku akikunja waya, kama mtu anayesimulia habari za jirani.

Mwezi wa tatu wa eda, alasiri moja ya joto la kupasua kichwa, mashine ilivuka picha ya kuanzia na haikurudi gizani. Tulikaa tukiiangalia, hatuthubutu kugusa. Faili la baba lilikuwa palepale mbele, limeitwa kwa jina la mama. Mama akanisogeza pembeni, akakaa, akalifungua.

Nilikuwa nyuma yake na niliona bega lake moja tu na kilemba cheupe. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Bibi alikuwa uani anasonga bada, ugali wa muhogo, mwiko ukigonga sufuria. Mama akanyanyuka, akaenda kukaa kitandani, akageukia ukuta.

"Nakili," akasema. "Usiruke neno."

Printa hatukuwa nayo. Nikachukua daftari lilelile, nikageuza ukurasa baada ya safu zake za mistari, nikaanza. Baba aliandika kwamba barua ya chuo ilifika. Ilifika mapema, mwezi wa pili tu tangu mama aombe. Aliipokea posta, akaisoma akiwa amesimama, akaitia mfukoni. Alinuia kumpa jioni ile. Hakumpa. Aliogopa kwamba mama akienda kule hatarudi kuwa mke wa karani wa ghala. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Baadaye aliichoma jikoni, mama akiwa kisimani. Miaka ile alimsikia mama akinifundisha kusoma kabla sijaanza shule, na kila mara alitoka nje.

Niliandika neno kwa neno. Alikuwa baba yangu. Alinibeba mabegani kunipeleka kuangalia gwaride, alinimenyea machungwa kwa utepe mmoja usiokatika. Nilitamani mashine izime, na niliogopa izime.

Nilikuwa nimebakiza kama mistari minne umeme ulipokatika.

Feni ya ndani ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Umeme uliporudi tuliiwasha, siku hiyo na siku nyingi baadaye, asubuhi na saa nane na saa tisa. Tulijaribu yote yaliyokuwa kwenye safu. Diski haikuonekana tena. Fundi alituma jibu la neno moja, poleni.

Nilidhani mama angeivua ile nguo nyeupe. Nilidhani angepiga kelele, amwite bibi, aseme mtu gani huyu ninayemkalia eda. Haikuwa hivyo. Alikaa siku zake zote, hadi ya mwisho, akiswali, akila kidogo, akilala uso ukutani. Chumba kilizidi kuwa kidogo. Siku nyingine niliamka nikahisi kwamba baba naye yumo mle ndani pamoja nasi, na kati yetu watatu hakuna mwenye ruhusa ya kutoka.

Zikiwa zimebaki siku tisa, matokeo yakatoka. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Baba mkubwa ndiye aliyepita shuleni na kuliona jina langu. Akaja jioni, akaketi ukumbini upande wa pili wa pazia, akamsalimia mama, akaanza kwa upole. Alisema ni habari njema, lakini nyumba haina mwanamume, na mama atakuwa mpweke, na si vibaya mtoto akasubiri mwaka mmoja amtunze mama yake. Barua ya kujiunga atakwenda kuichukua yeye, aihifadhi hadi wakati wake. Bibi alikuwa kwenye kiti chake akikubali kwa kichwa.

Mama alisimama. Alikuja hadi kwenye pazia, karibu kabisa, mpaka kitambaa kikawa kinatikisika kwa pumzi yake.

"Shemeji, nakuheshimu," alisema. "Barua ya mwanangu haichukuliwi na mtu. Itakaa palepale shuleni. Siku eda yangu ikiisha nitakwenda mwenyewe kuipokea, kwa mkono wangu huu, na nitamfungia sanduku mwenyewe."

Baba mkubwa alifungua mdomo. Bibi akamtangulia. Alisema tu, "Mwache," na kwa jinsi alivyotazama sakafu, mpaka leo sijui alijua nini na alijua tangu lini.

Siku ya kumi baada ya hapo mama alioga, akavaa baibui lake jeusi, tukatoka pamoja. Jua lilimchoma macho, akanishika bega kama kipofu. Tulikwenda shuleni. Alisaini kitabu, akapokea bahasha, hakuifungua. Aliibeba mkononi njia nzima ya kurudi, juujuu, kila mtu aione.

Nilikwenda bweni. Mama hakuwahi kuingia chuo chochote. Alinunua ubao, akauegemeza barazani, na kila alasiri watoto wa mtaa walikaa kwenye mkeka wakijifunza kusoma kwake. Miaka kumi na tano alifanya hivyo. Wapo watu wazima Makorora ambao hadi leo wanaandika saba kwa mkato wa kati kwa sababu yeye aliandika hivyo.

Mara moja tu nilimuuliza. Nilikuwa mkubwa, nimekuja likizo, tunachagua mchele kwenye ungo mmoja. Nikamuuliza ile mistari minne ya mwisho ilisemaje. Alitoa jiwe, akalirusha pembeni.

"Uliyonakili yanakutosha," akasema. "Yale yalikuwa yangu."

Sikuuliza tena. Mama ameondoka miaka mitatu sasa. Nyumba imevunjwa, pamejengwa vyumba vya kupangisha, na ukisimama pale huwezi kujua mlango ulikuwa wapi. Fundi wa Mabawa hayupo. Bibi alitangulia kitambo. Sijui kama baba alimwomba mama msamaha, au alimwambia anampenda, au alijitetea tu kama watu wanavyojitetea. Maneno yale ya mwisho yalikuwa mahali pawili duniani, kwenye diski iliyokufa na kichwani mwa mama. Sasa hayapo popote.