Tushuke Kila Kituo

Nakumbuka jioni moja ya msimu wa kahawa, mwanangu, pale kwetu Isingiro, sehemu ambayo ninyi mnaiita Kyerwa lakini enzi zetu yote ilikuwa Karagwe tu. Nilikuwa bado bibi harusi, aibu ya ukweni haijanitoka. Tulikuwa tumekaa mkekani, mimi na mume wangu Felisiani na mama yake, tukitafuna kahawa kavu kama ilivyo desturi yetu, mara akabisha hodi jirani aliyekuwa ametoka Uganda kwenye kazi ya miwa.

"Shikamoo, Mama," akamwambia mama mkwe. "Nina neno lako. Nilipanda gari moshi ng'ambo ya Jinja. Kwenye kituo kimoja kidogo mwanamke akaja dirishani na ndizi za kuchoma. Moja ikaniunguza, nikaguta kwa Kinyambo, lugha yetu. Naye akanijibu kwa Kinyambo! Akaniuliza kama mzee Rwakajuna wa Isingiro angali hai. Kabla sijajibu, treni ikaondoka."

Mama mkwe akaacha kutafuna. Rwakajuna alikuwa baba yake mzazi. Na mwanamke wa kuulizia habari zake huko ugenini alikuwa mmoja tu, Kokugonza, mdogo wake, aliyeondoka angali msichana akamfuata kijana wa Busoga, huko huko Uganda, aliyekuja na wachuuzi wa ng'ombe. Mzee alikasirika, akasema jina lile lisitajwe tena bomani kwake. Hasira ilikwisha upesi, mwanangu, lakini neno likitoka kinywani halirudi, na hakuna aliyejua wapi pa kumpelekea mtoto habari kwamba amesamehewa. Sasa mzee alikuwa amechoka, hata kutoka nje kuwatazama ng'ombe wake ilibidi ashikwe mkono.

"Kituo kinaitwaje?" mama mkwe akauliza.

"Sijui, Mama. Nilikuwa nasinzia. Nakumbuka kinu cha pamba."

Felisiani akashika kichwa. Alikwisha kufanya kazi Uganda kabla hatujaoana. "Ndugu yangu, kule kila kituo kina kinu cha pamba!"

Basi tukaanza kupanga safari. Mume wangu akazipanga punje za kahawa mkekani, kila punje mji: Kampala, Jinja, Mbulamuti, Busembatia, mpaka Tororo. Alikuwa mtu wa mbio, Mungu amrehemu. Akasema tupande treni ya haraka hadi Tororo, tuulizie kwa wakubwa wa reli, turudi kabla kahawa iliyobaki haijaharibika. Mimi nilikubali mara moja. Nilikuwa sijawahi kuvuka mto Kagera, na moyoni nilijiambia kwamba kutoka Tororo huenda tukasogea hadi Nairobi nikaone majumba ya ghorofa.

Mama mkwe aliziangalia zile punje kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa upole, "Hiyo treni ya haraka inavipita vituo vidogo saa ngapi?"

"Usiku, Mama. Wala haisimami."

"Sasa mimi mdogo wangu nitamwonaje usiku, treni haisimami?"

Akatutazama sote wawili. "Wanangu, atafutaye sindano hapiti mbio. Ninyi mmepanga safari ya kwenda Tororo. Mimi sina mtu Tororo. Tupande ile ya mchana, ya polepole, tushuke kila kituo, tulale, tuulize, tusalimie watu. Kahawa itanisubiri. Baba hawezi kunisubiri."

Hakupaza sauti, lakini nilijisikia nimechapwa. Nairobi yangu ikaishia pale mkekani.

Asubuhi tulikwenda kumuaga mzee. Alipoambiwa tunakokwenda, akaagiza kibuyu cha samli ya ng'ombe wake mwenyewe, akampa mama mkwe mikononi. "Mwambie kutoka kwangu," akasema. Ni hayo tu. Wazee wa wakati ule hawakuomba radhi kwa maneno mengi.

Tukavuka Kagera pale Murongo kwa mtumbwi, tukapata lori hadi Kampala, na mwisho nikaiona treni. Mwanangu, niliogopa! Nilidhani lile dudu litaondoka na mguu wangu mmoja nje. Lakini tulipokwisha kuketi katika behewa la daraja la tatu, na dirisha likiwa wazi, hofu ikageuka furaha. Treni ile ya mchana ilikwenda kama ng'ombe anayetoka malishoni ameshiba. Ilisimama ikapakia marobota ya pamba, ilisimama ikashusha kuku, ilisimama pengine bila sababu hata moja. Felisiani aliguna. Mama mkwe alikuwa kichwa nje, akimtazama usoni kila mwanamke mwenye ungo.

Tulishuka Mbulamuti. Katekista mmoja akatupokea kama ndugu zake, mkewe akanifundisha kupika mchuzi wa karanga, nami nikamfundisha kufunga ndizi kwa namna ya kwetu. Hatukumpata Kokugonza. Tulipata jina tu. Wazee wa pale walisema wamesikia kuna "mwanamke wa Karagwe" mbele huko, hawajui ni wapi hasa. Tungepita usiku, tungelipata wapi hata hilo?

Tukaendelea hivyo, tukishuka na kupanda. Busembatia tuliulizia mchana kutwa, hakuna aliyemjua kwa jina lile. Kesho yake treni ikaja, Felisiani akanyanyua mzigo. Mama mkwe akasema, "Miguu yangu imevimba. Tupande ya kesho." Mume wangu alinitazama ili nimsaidie, nami safari hii nikaketi kando ya mama.

Tulikuwa tumepumzika kwenye kivuli cha nyumba moja nyuma ya soko, tukasikia mtu akiwakemea kuku waliovamia ulezi ulioanikwa. Aliwakemea kwa Kinyambo! Mtu anaweza kununua na kuuza kwa lugha ya ugenini miaka mingi, lakini akikasirika hurudi kwa mama yake.

Mama mkwe akainuka na miguu yake iliyovimba. Akazunguka nyumba. "Kokugonza," akasema, "mpaka leo unagombana na kuku?"

Yule mwanamke akageuka, ulezi ukiwa mkononi. Akauliza jambo moja kwanza. "Baba?"

"Yu hai. Hii samli ni yake. Amesema nikuambie inatoka kwake."

Akaketi chini palepale juu ya ulezi, akakikumbatia kibuyu, akalia, kisha akacheka, na wale kuku wakala ulezi wote bila mtu wa kuwafukuza. Felisiani wangu, mtu wa mbio, ndiye aliyesema jioni ile kwamba tukae juma zima. Tukakaa. Tuliporudi, Kokugonza na mumewe walikuja nasi. Mzee alimpapasa uso, maana macho yalikuwa yamefifia, akasema, "Umenenepa," na boma zima likapiga vigelegele.

Mwanangu, unayepanga safari yako, mimi sikukatazi kwenda mbali. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Ila usiipange kwa kutazama mwisho wa reli peke yake. Jiulize kwanza unamtafuta nani, au nini, kisha uchague mwendo unaokifaa kitu hicho. Acha siku tupu katikati, maana humo ndimo watu huingia. Shuka kwenye miji midogo, salimia, uliza, kula walichopika. Na mkubwa akisema miguu imevimba, keti naye. Wahenga walisema kawia ufike, nami nimeona kwa macho yangu.

Nenda basi. Mungu akufungulie njia na milango, akupe wenyeji wema na usingizi mzuri ugenini, na siku utakayorudi utukute tuliokuaga tungali hapa, tukupokee kwa vigelegele.