Kaburi la Mama Mkubwa Kwenye Uwanja wa Pamba

Wadogo zangu, mmeniuliza kwa nini nimerudi kimya. Mama alinituma nikatafute alikozikwa dada yake Kabula, aliyefia chuo cha ualimu cha wasichana kule upande wa Mwamapalala, kabla ya uhuru. Daktari amesema mama hana muda mrefu, na ninyi siku hizi kila mtu ana biashara yake. Nikaenda mimi.

Jumatatu alfajiri nilishuka Malampaka, treni imechelewa saa sita, kiuno hakinyooki. Lori la mnunuzi binafsi wa pamba lilinichukua hadi Maswa, na kesho yake mchana jingine likanifikisha. Nilipotaja chuo, dereva alicheka. "Unamaanisha ghala?"

Kweli, ni ghala. Bweni limejaa pamba hadi darini, na ubao wa darasani umeegemezwa mlangoni kuzuia mbuzi. Hapa ndipo waliposomea walimu wa kike wa kwanza wa upande huu, wakati wazee wengi waliona binti akisoma ng'ombe wa mahari wanapotea. Babu yetu alikubali kumtoa Kabula akasome. Binti alipofariki, babu aliwalaani walimu mpaka anaingia kaburini, eti walimficha ugonjwa.

Aliyenipokea ni bibi mmoja, Nkwimba, zamani mpishi wa chuo, bado anaishi nyuma ya jiko.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia, nikamweleza mimi ni nani.

"Kabula namkumbuka," alisema. "Homa, wiki tatu. Hatukumficha mtu, mwanangu. Mwalimu mkuu alimwandikia baba yake aje haraka, hali ni mbaya. Jibu likaja kwa mwandiko wa mtoto: baba amefurahi, anasema asome kwa bidii. Tukasema huyu mzee ana roho mbaya. Na binti siku tisa anamngoja, kila siku anauliza, baba amefika?"

Babu hakujua kusoma. Kabula alipoondoka, msomaji pale nyumbani alibaki mmoja tu: mama yetu, akiwa darasa la tatu.

Jioni bibi alinionyesha kaburi. Liko chini ya mzani wa pamba, wakulima wamepanga foleni juu yake na magunia yao. Nilimwomba karani wa mzani ausogeze.

"Hapa ndipo palipo tambarare, dada," alijibu, wala hakuinua macho. Nilimtukana, halafu nikalia. Mzani ukabaki palepale.

Alhamisi nilifika Mwanza. Mama alinitazama usoni tu akajua.

"Wamekwambia habari ya barua," alisema. "Niliisoma mimi. Nikamwambia baba kwamba Kabula hajambo, na jibu nikaliandika mwenyewe. Niliogopa akisikia shule imemletea mwanawe ugonjwa, na mimi atanitoa."

Nilimshika mkono. Huyu ndiye aliyefundisha watoto wa watu kusoma maisha yake yote.

"Alimngoja siku ngapi?" akauliza.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwangu, tena wa huruma kabisa. Lakini safari ilikuwa imenifundisha jambo moja: uongo mdogo, wa mtoto mwenye hofu, unaweza kumnyima mtu baba wa kumfumba macho akikata roho. Nikamwambia kama nilivyoambiwa na bibi Nkwimba.

"Siku tisa, mama."

Akageukia ukutani.