Jengo Lililoishia Kwenye Linta

Nilipangiwa kazi upande wa Tingi nikiwa nesi kijana, mgeni kutoka Singida, na nilikuta wanawake wakisomba matofali ya kuchoma vichwani. Wilaya iliwaahidi chumba cha upasuaji na daktari, mara tu paa litakapoezekwa. Kwenye makaratasi kilikuwa kituo cha afya, lakini sote tulikiita hospitali.

Fundi mkuu alikuwa Mmatengo mpole, mkali kwa timazi tu. Ukuta ukipinda kidogo, aliubomoa mwenyewe. Mkewe alikuwa mjamzito wa mimba ya pili, na alikuja kliniki kwangu. Mwezi wa saba wa mimba nilimpapasa tumbo, nikahisi mtoto amelala kimshazari. Mara nyingine hujigeuza. Mwezi wa nane alikuwa bado vile vile.

"Dada," aliniuliza, "niende Mbinga kwa mdogo wangu, nikasubiri karibu na hospitali?"

Nilitoka nje nikamwuliza mumewe, aliyekuwa juu ya jukwaa la miti, jengo litakwisha lini. Kuta zilikwisha kufika kwenye linta, juu ya madirisha.

"Mkandarasi analeta bati wiki hii," alisema. "Mwezi huu hauishi kabla hatujaezeka."

Nikarudi ndani nikamwambia mkewe asijisumbue na safari. "Utazalia hapa hapa."

Bati hazikuja. Ulikuwa msimu wa kahawa, na miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua. Kila mwenye lori alilipeleka kwenye kahawa, na mkandarasi hakubaki nyuma. Wiki zilipita. Mafundi walikaa kivulini wakinoa miiko.

Uchungu ulimshika asubuhi, Jumanne. Nilipomkagua nikakuta mkono wa mtoto umetangulia, umevimba, wa buluu. Bila kisu asingezaa. Nilimwita mumewe nikamwambia tuondoke sasa hivi.

"Kwa gari gani?" aliuliza.

Mafundi walichomoa miti miwili kwenye jukwaa wakafunga machela kwa kamba na blanketi. Wanane walibeba kwa zamu, mumewe akashika mbele na hakukubali kupokewa. Kule mlimani njia ni nyembamba; kila walipojikwaa, mama yule alilia, halafu akaacha kulia. Mchana, kabla hatujaiona barabara kubwa, alinishika kitenge.

"Mwanangu mkubwa asiachwe peke yake nyumbani," alisema.

Hakusema tena. Nilitafuta mapigo shingoni, nikatafuta tena. Mumewe hakugeuka. Alikuwa bado anapanda, na ilinibidi nimwite mara mbili ili asimame.

Matanga yalipokwisha, alikuja kliniki akasimama mlangoni.

"Dada, ulijua mtoto amelala vibaya?"

Ningeweza kusema watoto hujigeuza. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa saba. Nilipaswa kumpeleka Mbinga. Nikasubiri jengo."

Nilitamani anipige. "Na mimi ndiye niliyesema litakwisha," alisema, akaondoka.

Mimi mwenyewe nilimwandikia barua mganga mkuu wa wilaya, nikaeleza kosa langu. Nilipewa onyo, nikaambiwa niendelee na kazi, maana hapakuwa na nesi mwingine wa kuletwa.

Bati zilifika mvua zikiwa zimeanza, na kuta zilishaloa. Nilidhani fundi hatarudi. Alirudi, akabomoa kozi mbili za matofali ambazo udongo wake ulikuwa umelainika katika chumba cha upasuaji, akazijenga upya, akapiga lipu peke yake. Tulisalimiana tu. Alipokamilisha, alimchukua binti yake wakahamia kwa shemeji yake Mbinga.

Daktari aliletwa mwaka uliofuata. Mama wa kwanza kupasuliwa mle ndani aliokoka yeye na mwanawe. Mtoto alipolia, nilimkabidhi kwa bibi yake, nikatoka nje nikaegemea ukuta. Sikurudi ndani mpaka daktari aliponiita kwa sauti kali nikasafishe meza.