Nilivyojikaanga na Mashine ya Ukweli

Ndugu wasomaji, simameni. Anayewaandikia ni mvumbuzi wa mashine iliyomuumbua mwongo mbele ya darasa zima.

Sasa kaeni. Mwongo mwenyewe ni mimi.

Klabu yetu ya sayansi ilikuwa inachapa vitambuzi vya unyevu. Unachukua plastiki laini, unachapa mistari kwa wino wa bluu unaopitisha umeme, unaunganisha betri na taa. Hewa ikiwa na unyevu, taa inawaka.

Na pumzi ya mtu ina unyevu, jamani!

Nikaiba kimoja. Bwenini nikakitangaza kuwa mashine ya ukweli. Nikimuuliza mtu swali, nainama kama daktari, nakipulizia kidogo kwa siri. Taa pwaa! "Mwongo huyo!" Wakaniogopa.

Juzi nikaiangusha chupa ya wino maabara. Ilikuwa moja tu, na mashindano ya sayansi ni wiki ijayo. Nikatoka mbio.

Lawama ikamwangukia Msumari, rafiki yangu wa kitanda cha juu. Ndiye aliyekuwa zamu ya usafi.

"Usiposema ukweli, safari ya mashindano usahau," mwalimu wa fizikia alimwambia.

Msumari aliisubiri safari ile tangu kidato cha kwanza. Machozi yakamlenga.

Wajinga wa bweni langu wakadakia: "Mwalimu, tuulize mashine!"

Nikaitoa mfukoni, nikaiweka mezani.

Mwalimu akaitazama, akatabasamu. "Haya, mvumbuzi. Isogelee. Msumari, ulimwaga wino?"

"Sikumwaga, mwalimu."

Nikabana pumzi. Taa kimya. Darasa likashangilia.

"Na wewe, mvumbuzi?"

Nikatikisa kichwa, mashavu yamejaa kama chura.

"Jibu kwa mdomo."

Nikatikisa tena. Macho yakanitoka. Mwalimu akaangalia saa yake, akavuta kiti, akakaa.

Phuuuu!

Taa ikawaka kama ya harusi.

"Ni mimi, mwalimu! Niliiangusha, nikakimbia. Msumari hana kosa."

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Tangu juzi una tone la wino nyuma ya sikio. Nilitaka tu kuona utakaa bila kupumua mpaka lini."

Msumari anasafiri Jumatatu. Mimi nasugua sakafu ya maabara, na doa la bluu limegoma kabisa.

Funzo: kabla hujamsingizia mwenzako kwa kukaa kimya, jiulize kama mapafu yako yatakuunga mkono. Yangu yalinikana.

Msumari, nisamehe. Na ile soksi yako unayoitafuta, nilifutia wino mikononi.