Ukurasa wa Sindano

Fundi alikuwa na sifa moja mjini kwao: nguo aliyoishona haikutoa siri ya mwili wa mtu. Ungekwenda kwake na kitambi kilichokutangulia hatua mbili, ungetoka umenyooka. Mwalimu mkuu mmoja, mguu wake wa kulia mfupi kuliko mwenzake, alivaa suruali za Fundi miaka kumi na miwili na wanafunzi wake hawajajua hata leo. Wapo wake za watu waliomshukuru kwa machozi, na wapo waume waliomshukuru bila kujua wanashukuru nini.

Aliyemfundisha cherehani, sasa marehemu, alimwachia maneno mawili yawe urithi wake. La kwanza: hakuna mwili mbaya, kuna fundi mbaya. La pili: kipimo cha mtu hakichanwi angali hai. Ukurasa wake kwenye daftari unaondolewa siku akifa, unachomwa moto, basi. Fundi aliyashika yote mawili kwa ukaidi wa mtu aliyefundishwa kwa kupigwa rula vidoleni. Ndiyo maana daftari lake la vipimo lilikuwa nene kama tofali, limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Na asubuhi ile, ndani ya basi la masafa marefu, lilikuwa mfukoni mwa koti lake, likimchoma mbavu kila basi liliporuka shimo.

Walikuwa wanne safarini. Dirishani alikaa binti yake wa miaka kumi na minne, ambaye nyumba nzima ilimwita Sindano. Jina hilo Fundi alimpa mwenyewe, mtoto akiwa na miaka mitatu, kwa wembamba wake na kwa namna alivyosimama wima. Siku hizi hakupenda kulitamka. Kando ya Sindano alikaa mama yake, mpishi wa bweni la chuo, mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri miaka yote ya ndoa yao. Nyuma yao alikuwa dada mkubwa wa Fundi, karani mstaafu wa posta, aliyewahi kutibiwa macho huko wanakokwenda na kwa hiyo alijua kila kitu. Alibeba mito mitatu na chupa ya chai, na ushauri wa kuwatosha abiria wote.

Barua ya rufaa ilisema hivi: mgongo wa mtoto umepinda, apelekwe kwa bingwa. Hospitali yenye bingwa huyo ilikuwa mwendo wa siku moja na nusu. Na aliyegundua hakuwa baba wala mama. Shule ilinunua fulana za michezo dukani, Sindano akavaa ya kwake, na mwalimu wa michezo alipomwona kwa nyuma akashika kichwa. Fulana ya dukani haina adabu, inamwonyesha mtu alivyo.

"Wifi, usinielewe vibaya," shangazi alianza, hata mji haujaisha nyuma yao. Mtu akianza hivyo, jiandae. "Lakini mtoto wa miaka tisa kubeba ndoo ya maji kila siku, hivi ulitegemea nini? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ni kweli, wifi," mama Sindano alijibu polepole. "Nilikuwa nawahi jikoni kazini. Nikamwachia ndoo. Usiku silali nikiifikiria ile ndoo."

"Mama, ndoo yenyewe ilikuwa ndogo," alisema Sindano.

"Nyamaza, mwanangu. Najua nilichofanya."

Fundi akageuza uso, akawa anahesabu nguzo za umeme. Aliona aibu iliyompandisha joto mpaka masikioni. Mkewe alikuwa anapigwa kwa kosa lisilo lake, naye mwenye kosa ameketi pale pale, na tiketi amekata.

Maana Fundi alijua. Alijua tangu miaka mitatu nyuma, shule zilipofunguliwa na akampima mtoto sare. Bega la kushoto lilikuwa chini ya la kulia kwa nusu inchi.

"Simama vizuri," alimwambia.

"Nimesimama, baba."

Akapima tena, ikawa ile ile. Akaiandika. Halafu mkono wake ukafanya ulichozoea kuwafanyia wateja: akaweka sponji nyembamba ndani ya bega la kushoto, akapandisha pindo upande mmoja, mtoto akatoka amenyooka. Mwaka uliofuata ilikuwa inchi nzima, na nyonga nayo imeanza kupanda. Sponji zikawa mbili. Mwaka wa tatu kombe la bega la kulia lilikuwa linasukuma kitambaa kwa nyuma, naye akabuni marinda mgongoni, na kola pana ya kuyafunika mabega. Majirani wakaja kuomba washonewe watoto wao mtindo huo huo. Hapo ndipo palipomuuma zaidi kila alipokumbuka. Alijisifu.

Fundi hakumwambia mkewe. Mtoto alishakuwa mkubwa, anaoga peke yake, mama angeona wapi? Fundi aliogopa kulitamka neno lenyewe, akajipa moyo kwamba mtoto anakua, mfupa utajinyoosha, mwakani tutaona. Mwakani ikaja mara tatu. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini hakuna anayekwambia mjukuu huyo akija anahamia moja kwa moja.

Basi liliposimama ili abiria wale, Fundi alikwenda vyooni, akajifungia. Akavua mpira, akafungua ukurasa wa binti yake. Mistari minne, mwandiko wake mwenyewe, wino wa bluu. Akaushika ukurasa kwa pembe. Kuuvuta tu, kuutupa shimoni, na hakuna ambaye angejua maisha yake yote. Katika miaka ishirini na sita alikuwa amechana kurasa thelathini na moja, na kila moja aliichana akitoka mazikoni. Akaufunga ukurasa haraka, akajikuta anauomba msamaha kwa sauti.

"We mzee, umelala humo?" mtu akagonga mlango.

Kesho yake mchana walikaa kwenye benchi refu la kliniki ya mifupa, na jina lao likaitwa saa nane. Muuguzi akasema wazazi tu na mgonjwa. Shangazi akabaki nje na mito yake, amenuna.

Daktari bingwa alikuwa mwanamke, umri wa kuwa mdogo wake Fundi, mikono ya koti lake jeupe mirefu kwa inchi mbili. Fundi aliliona hilo kabla ya kuona kitu kingine, na akajichukia kwa kuliona. Sindano akatoa shikamoo, daktari akaitikia, akamkagua kwa upole, akamwambia ainame, ainuke, ageuke. Kisha akaning'iniza penye taa picha ya eksirei aliyotoka kupigwa mtoto. Uti wa mgongo ulipinda pale juu, ukapinda tena kurudi chini. Mkewe akaziba mdomo kwa mtandio. Fundi hakushtuka. Mpindo ule aliujua, chaki yake ilikuwa imeupitia mara nne.

"Huu umefika mpakani," daktari alisema. "Kama umetulia, tutauacha, tutakuwa tunauangalia tu. Kama bado unakwenda, lazima tumpasue tuweke vyuma, na tuwahi, kabla haujabana mapafu. Kwa hiyo swali langu ni moja, unakwenda au umesimama? Mna picha yoyote ya zamani?"

"Hatuna, daktari," mama Sindano alijibu. "Tumejua juzijuzi tu, mwalimu alipoandika barua."

"Basi sina cha kulinganisha. Mtarudi baada ya miezi sita tupige nyingine, ndipo nitajua."

"Daktari, nikuulize kitu. Nilikuwa namtwisha ndoo..."

"Hapana, mama. Ndoo haipindishi mgongo hivi. Huu huanza wenyewe, na mara nyingi hatujui sababu. Hapa hakuna aliyekosa."

Mama Sindano akashusha pumzi aliyoibeba miezi miwili, akaanza kulia taratibu. Fundi alimtazama. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, mpana kabisa: ndoo imeachiliwa, mke amepona, hakuna aliyekosa, twendeni nyumbani. Ila miezi sita. Kwa futi yake, miezi sita ilikuwa nusu inchi nyingine, tena mwaka huu ilikuwa imeongeza mbio. Akatia mkono mfukoni, akavua mpira wa baiskeli.

"Unakwenda," alisema.

"Samahani, mzee?"

"Mgongo. Haujasimama. Unakwenda." Akaliweka daftari mezani, limefunguka pale pale. "Mimi ni fundi cherehani. Hii B.K. ni bega la kushoto, hii N ni nyonga. Hapa ana miaka kumi na mmoja. Hapa kumi na miwili. Hapa kumi na mitatu. Hii ya mwisho ni ya mwezi wa kwanza mwaka huu."

Daktari akavuta kiti. Akapitisha kidole mstari hadi mstari, akachukua kalamu, akapiga hesabu pembeni. Mama Sindano alikuwa ameacha kulia.

"Uliona?" daktari aliuliza, bila ukali.

"Niliona mimi. Mama yake hakuona. Nilimfichia kwa nguo."

Mama Sindano ndiye aliyesema, na hakusema na mumewe. "Daktari, angeletwa lini ndiyo ingefaa?"

Daktari alisita. Akaweka kidole kwenye mstari wa pili. "Hapa. Tungemvalisha gamba la plastiki la kumshika mwili. Huenda tusingefika kwenye kisu. Nasema huenda." Akalifunga daftari kwa uangalifu, akalirudisha kwa mwenyewe. "Lakini vipimo hivi vimempunguzia miezi sita ya kungoja. Naandika alazwe leo."

"Miaka mitatu," mama Sindano alisema. Sasa alimgeukia. "Siku ya harusi ya mdogo wangu nilikwambia mtoto kapendeza. Kumbuka ulinijibu nini."

"Nilisema nimejitahidi."

"Ulisema umejitahidi. Na jana nzima kwenye basi, unanisikia."

"Nakusikia, mama Sindano."

"Nimeibeba ile ndoo miezi miwili, baba Sindano. Miezi miwili."

Fundi akalifunga daftari kwa mpira wake wa baiskeli.

"Mama," Sindano alisema. Alikuwa bado amekaa kwenye kitanda cha kupimia, miguu ikining'inia. "Mimi nilijua."

Wote wakamtazama.

"Nguo zangu si nafua mwenyewe? Nikianika gauni kwenye kamba linalala upande. Bega moja lina sponji, moja halina. Ya marafiki zangu hayako hivyo."

"Na ukanyamaza?" mama yake aliuliza.

"Baba si alikuwa anajua." Akainua bega, lile la kulia. "Nikasema kingekuwa kitu kibaya, baba angesema."

Fundi alikuwa amewahi kutukanwa na wateja, na kaka wa mkewe aliwahi kumpiga kofi mbele za watu, na yote hayo yalipita. Maneno haya aliyasikia yakiingia na kukaa. Mtoto alikuwa amekiamini kimya chake.

Nje, shangazi aliinuka na mito yote mitatu. "Haya, wamesemaje? Ndoo, siyo? Nilisema mimi!"

Mama Sindano alimpita. Aliketi mwisho wa benchi, mbali na wote wawili, akamngoja mumewe. Fundi akaelewa kwamba hili hatasaidiwa.

"Dada, muombe wifi yako radhi," alisema.

"Mimi? Kwa lipi?"

Akamweleza. Alimweleza amesimama, mbele ya benchi zima lenye magongo na bandeji, tangu sponji ya kwanza hadi marinda. Kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani, wahenga hawakuwa wamesema kitu. Shangazi akaenda akaketi kando ya wifi yake, akamwekea mto mmoja mgongoni.

Jioni, wodini, muuguzi alileta gauni la hospitali. Lilikuwa jepesi na limefifia kwa kufuliwa, mabega yamekatwa sawa kwa sawa kama la kila mtu. Mama Sindano akamvalisha mwanawe, akafunga kamba za nyuma. Gauni likamtelemka upande wa kushoto, na kule nyuma mfupa ukajichora wazi kwenye kitambaa. Fundi alikuwa amesimama kando. Mkono wake haukumuuliza: ulikwenda kwenye ukosi wa koti, mahali anapochomeka pini siku zote, ukatoa moja, na mwingine ukaenda kuliinua bega la gauni.

"Acha, baba," Sindano alisema. "Kesho daktari anataka kuniona."

Fundi akairudisha pini kwenye ukosi. Akabaki amesimama nyuma ya mtoto wake, akamtazama mgongo.