Mlango wa Biskuti

Krismasi si yangu, lakini tangawizi ni yetu, sifundishwi na mtu. Kila Desemba, tangu binti yangu hajajua kusoma, tulijenga nyumba ya biskuti za tangawizi kwenye meza ya jikoni hapa Johannesburg. Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, ofisini Braamfontein, kwa hiyo hatukujenga vibanda vya katuni. Mwaka mmoja daraja, mwaka mwingine ghorofa la mviringo. Sharti moja tu: mlango anaula yeye, na kabla hajaula hakuna anayegusa nyumba.

Sasa ana kazi na anaishi kwake. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Haya, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwaka huu nikaamua kumjengea nyumba ya mama yangu, ya Tanga, ambayo ndugu zangu waliiuza na ikabomolewa kabla yeye hajaiona. Nilitaka aijue japo kwa ulimi.

Nilikata kuta kwa rula ya kazini. Baraza lilinitoa jasho. Msimu huu wa mvua biskuti hulegea, likapinda, nikalioka upya mpaka likawa gumu kama tofali. Nyumba ya kwetu bila baraza, wageni wakae wapi, kichwani?

Jumapili nikachemsha chai, nikasubiri. Akapiga simu: anakwenda Durban na wenzake, nimtumie picha. Nikatuma. Akanirudishia alama ya kidole gumba. Nyumba ya bibi yake, kidole gumba! Nililia, sioni haya kusema.

Kula peke yangu sikuzoea. Nikamwita mlinzi wa getini, Mkongo wa Bukavu, apande tule. Akainama, akaitazama nyumba.

"Mama, hii ni barza," akasema, akionyesha baraza. "Kwetu baba alikuwa anaikala hapa kila magaribi."

Hakuna mwingine mji huu aliyewahi kuitambua nyumba ya namna ile. Nikamwambia avunje popote. Akanyoosha mkono kwenye mlango.

"Huo hapana."

Akagusa paa. Nikasema hapana tena. Ukuta, hapana. Nimemwalika mtu chakula na ninamnyima! Mama yangu angenizaba kofi.

"Hakuna shida, mama," akasema, akamaliza chai na kurudi getini.

Mvua ilinyesha hadi jioni, na dirisha la jikoni halifungi vizuri. Asubuhi paa lilikuwa limetumbukia na kuta zimelala. Nyumba ikianguka yenyewe, sharti nalo limekwisha. Baraza lilikuwa zima. Nikalifunga kwenye kitambaa nikampelekea mlinzi, maana ni la wageni.

Mlango nao ulikuwa mzima. Nikaukausha, nikautia kwenye kopo la maziwa na kukaza kifuniko. Nimemwandikia binti yangu kwamba upo, safari hii kwa Kiingereza.