Nilipokuwa Marehemu Wasso

Mume wangu alipostaafu udereva wa watalii, majirani zetu wa Ganako, hapa Karatu, walinipongeza kana kwamba nimejifungua. "Sasa mzee yuko nyumbani, mama, umepumzika," walisema. Mimi nilikuwa namwangalia akizunguka uani, akipanga upya kuni nilizokwisha kuzipanga, akitembea mpaka barabarani kutazama magari yanayopanda kuelekea hifadhini, halafu akirudi kimya. Nikajua hatakaa.

Hakukaa. Alinunua Land Cruiser chakavu kwa kampuni iliyokuwa ikiuza magari yake ya zamani, yale yenye paa la kuinuliwa ili wageni wachungulie simba. Aling'oa viti vya nyuma, akasema atafanya biashara ya vitunguu: atavichukua Mang'ola na kuviuza minadani, mpaka Wasso. Sikumpinga. Kilichonishtua ni kwamba alikuwa akienda Wasso hata msimu ambao gari lilikuwa tupu.

Wasso si mahali pa kwenda kunywa chai. Ukipita juu, unalipa langoni, unazunguka kingo za kreta, unateremka kwenye mbuga za vumbi na bado hujafika nusu. Ukipita chini, kwa Mto wa Mbu na Engaruka na kando ya ziwa Natron, ni mawe tupu, unafika meno yanauma. Mzee aliyestaafu hajitesi hivyo bila sababu, na sababu iliyonijia mimi akilini ilikuwa imevaa gauni.

Nikaanza kumchunguza. Simu yake, ambayo zamani aliitupa popote, sasa ilikaa kifudifudi, na akiisoma aliugeukia ukuta. Siku moja niliona kwa bahati herufi zake, kubwa kama za bango la duka, nikadhani ni mtindo aliofundishwa na huyo mtu wake. Alinunua miwani myeusi. Alianza kupiga pasi shati mwenyewe, na ilikuwa kwa safari za Wasso tu, si nyingine. Halafu simu ikaita akiwa bafuni. Jina lililotokea lilikuwa "Fundi Wasso". Nikapokea.

"Mzee, shikamoo," ilisema sauti ya mwanamke, changa, laini. "Alhamisi usikose tena jamani, nitakusubiri."

Nikasema, "Haloo?" Simu ikakatika. Inawezekana ulikuwa mtandao. Sikuamini kuwa ni mtandao.

Mwingine angelia, au angeita wazee wa ukoo. Mimi nilitafuta mpangaji. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa kwetu na mke wake, wanatafuta nyumba. Tukakubaliana. Mume wangu sikumwambia kitu mpaka mwalimu alipokwisha kuleta kitanda.

"Nakwenda na wewe," nilimwambia.

"Wapi?"

"Popote gari linapokwenda."

"Utachoka, mama. Barabara zile si za mtu wa umri wako."

"Kwani wewe una umri gani?"

"Na nyumba tunamwachia nani?"

"Nimeshaipangisha."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyefurahi kwelikweli, na hicho ndicho kilichonitia wasiwasi zaidi. Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi.

Kuhamahama hakukuwa kugeni kwangu. Nililetwa Karatu mtoto kutoka Singida, mama yangu akifuata kibarua cha kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa. Tulihama kambi hadi kambi, sufuria zetu ndani ya gunia, na nilipoolewa na dereva wa trekta wa shamba mojawapo, huyuhuyu mume wangu kabla hajaanza kubeba watalii, niliapa kwamba nitazeekea kwenye nyumba yenye msingi. Sasa nililala kwenye ubao juu ya magunia ya vitunguu, kwa hiari yangu, ili nimlinde mume mwenye mvi.

Binti yetu wa Arusha alipiga simu baada ya kusikia. "Mama, ni kweli mnaishi kwenye gari? Watu watasema tumewafukuza."

"Waambie tunafanya biashara."

"Biashara gani ya kulala njiani? Baba amekulazimisha?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyemlazimisha yeye." Akaniuliza leo ni siku gani. Nadhani alikuwa anapima kama akili zangu ziko sawa.

Jambo ambalo sikulitarajia ni usingizi. Nyumbani nilikuwa naamka kabla ya jogoo, kichwa kimejaa. Ndani ya gari nililala kama mtoto. Tulizunguka Mang'ola, Mto wa Mbu, Engaruka, tukifuata minada, na kila asubuhi nilipofungua mlango wa nyuma kulikuwa na mlima mwingine mbele yangu. Nilipika uji kwenye jiko dogo la gesi huku wanawake wa Kimaasai wakipita na punda wao, wakiniita yeyo, yaani mama, wakichungulia ndani bila haya. Nilianza kuyapenda maisha yale, na nilipogundua hivyo nikajikaza. Sikuja kustarehe.

Wala hatukuwa peke yetu katika kushuku. Gari la watalii lisilo na mtalii linatisha watu huko, hasa siku hizi ambapo kila anayeshuka na karatasi mkononi hudhaniwa kuwa amekuja kuwaambia wahame. Siku moja, kwenye kijiji kimoja chini ya mlima, vijana wenye mashuka mekundu walituzunguka tukiwa tunakula.

"Nyie ni wa vipimo vya ardhi?" aliuliza mmoja.

"Sisi ni wa vitunguu," mume wangu akajibu, akafungua mlango wa nyuma.

Walinusa, wakashika gunia moja moja, wakaangalia mpaka chini ya ubao wetu. Waliondoka bila kuamini. Sikuwalaumu. Hata mimi niliyeolewa na yule mtu nilikuwa siamini kila anachosema.

Safari moja tulipita juu. Langoni alikuwepo askari aliyefahamiana naye miaka mingi, wamekula nyama pamoja mara nyingi. Alikuja dirishani anacheka, akanyoosha mkono. Mume wangu alitazama mbele tu. Mkono wa yule bwana ulining'inia hapo mpaka akaurudisha mfukoni, uso umebadilika.

"Mmegombana?" nilimuuliza tulipoondoka.

"Na nani?"

"Na huyo uliyemnyima mkono."

Aligeuza kichwa chote kunitazama. "Mkono gani?"

Alijua kuigiza, nilijiambia. Wamegombania mwanamke, na mwanamke huyo yuko Wasso. Huko juu kwenye kingo ukungu ulikuwa umeshuka, na akasimamisha gari pembeni akakataa kuendelea mpaka jua litoke. Yeye, aliyeipita njia ile kwenye ukungu maisha yake yote. Aliponiambia, "Niambie kama kuna ng'ombe upande wako," niliona ananipa kazi ya kitoto ili nisiangalie simu yake.

Halafu nikapata kichupa. Kilikuwa ndani ya soksi, ndani ya chupa pana ya chai iliyojaa maji baridi, mahali ambapo mtu hafichi kitu cha heri. Kichupa cha plastiki chenye ncha, karatasi yake imebanduliwa. Nilikinusa, hakina harufu. Nikakirudisha, nikamvizia. Jioni alikichukua, akazunguka nyuma ya gari, akarudi baadaye akipangusa uso. Kwetu tumesikia habari za dawa za mapenzi za kila aina: za kunywa, za kuoga, za kupaka. Usiku ule sikunywa chai aliyonimiminia.

Tulifika Wasso Jumatano. Alhamisi alivaa shati lililopigwa pasi.

"Wewe baki na mzigo," aliniambia. "Naenda kuonana na mtu."

"Fundi?"

Alishtuka kidogo. "Ndiyo. Fundi."

Nilimwomba mama muuza nyanya aliyekuwa jirani yetu aliangalie gari, nikajitanda khanga mpaka usoni, nikamfuata. Alitembea polepole, akigusa ukuta wa duka hapa, nguzo ya uzio pale. Hakugeuka hata mara moja. Aliingia hospitalini, na moyo wangu ukasema: muuguzi, basi. Nilipita kwenye benchi la wagonjwa, nikamwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Amekaa kwenye kiti. Mbele yake dada mmoja mrembo aliyevaa koti jeupe amemshika kidevu kwa mikono miwili, nyuso zao karibu kabisa.

Niliingia. Nilisimama kando ya bega la mume wangu nikisubiri afe kwa aibu. Hakutikisika.

"Mzee, leo umekuja na nani?" yule dada alikuwa anamuuliza.

"Peke yangu, binti yangu."

Dada akainua macho. "Na huyu mama?"

"Mama gani?" alisema mume wangu, nami ningeweza kumgusa sikio kwa kidole.

Hapo yakanirudia yote. Yule bwana langoni na mkono wake. Nguzo za uzio. Alikuwa hanioni.

"Wewe ni nani wake, mama?" dada aliniuliza.

"Mke wake."

Alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Mzee alituambia mke wake alishafariki."

"Nilifariki lini?"

Mume wangu alikuwa amegeuza kichwa chote sasa, amenipata.

"Na niliugua nini?" nikamuuliza.

"Presha," alisema kwa sauti ndogo.

Dada wa watu alikuwa muuguzi wa macho. Alinikalisha, akanieleza taratibu. Mume wangu ndiye aliyekuwa na presha, lakini ya macho. Ugonjwa ulikuwa umeanza kula pembeni, akabaki anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi. Matone yale ya kwenye kichupa huzuia ugonjwa usizidi, akiyaweka kila siku. Walikuwa wamemwambia aache kuendesha gari, na kila alipokuja walimwomba alete mtu wa nyumbani wamweleze. Ndipo akaniua.

Tulikaa nje kwenye jiwe. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa kwa miezi, yote ya mwanamke mwingine, hayakunifaa kitu.

"Kwa nini Wasso?" niliuliza hatimaye. "Karatu si kuna hospitali?"

"Karatu kila dereva ananijua. Asubuhi napimwa, mchana unaambiwa sokoni."

"Na ule mteremko wa Natron? Umenishusha pale huoni?"

"Naona mbele."

"Ungetuua."

"Nilikuwa nakwenda polepole." Kisha akasema, "Ningekwambia, ungenirudisha nyumbani nikapange kuni."

Nilitaka kumwambia si kweli. Lakini ilikuwa kweli, ningemrudisha siku hiyohiyo.

"Nipe funguo," nilisema.

"Wewe hujui kuendesha."

"Nipe tu."

Alinipa. Tulimkodi kijana wa pale mnadani aliyekuwa na leseni, akaturudisha Karatu, mume wangu amekaa nyuma juu ya magunia kama mzigo. Nyumba ilikuwa ya mwalimu, kwa hiyo tuliegesha gari uani kwetu wenyewe kama wageni, na mke wa mwalimu akatuletea makande akiwa haelewi atuonee huruma au atuogope.

Nilijiandikisha shule ya udereva. Darasani wote walikuwa wajukuu zangu kwa umri, wanataka kuwa madereva wa watalii. Mwalimu wetu alidhani nimemsindikiza mtu. Nilizima gari katikati ya barabara kuu, malori yakinipigia honi nyuma na mbele, bodaboda wakinishangilia. Jioni mume wangu alinifundisha tena kwenye uwanja mtupu, kwa masikio. "Gari linalia," alisema. "Mpe gia." Alikuwa na adabu ambayo hajawahi kuwa nayo. Nikaanza kujiuliza ananificha nini kingine.

Leseni nilipata. Binti yetu alikuja kutoka Arusha kwa ajili ya kunizuia, akaniangalia nikigeuza gari uani, akapanda mbele, nikampeleka mpaka stendi. Aliposhuka alisema, "Mama, dawa zake unazo wewe?" Nikasema ninazo. Hakusema neno lingine la kunizuia.

Tangu hapo mimi ndiye dereva. Askari wa barabarani hawaniamini. Hunisimamisha, wanamsalimia mume wangu kwanza, wanamwomba leseni yeye. "Dereva ni huyu hapa," yeye huwaambia akininyooshea kidole, na wao huchungulia nyuma kana kwamba tumemteka mtu. Mume wangu naye haniamini. Kila kona anakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, akitafuta breki isiyokuwepo upande wake. Mimi simwamini hata kidogo. Matone namwekea mwenyewe, asubuhi na jioni, nikimshika kidevu, na nikimaliza namfungua jicho tena nihakikishe limeingia.

Mara ya mwisho tulipokwenda kliniki Wasso, muuguzi alimpima kwa muda mrefu, nami nikamsoma uso wake nikitafuta anachoficha. Akasema hali imesimama palepale, haijazidi. Nikamwomba arudie. Akarudia, akicheka.

Tulipakia maharage, tukashika njia ya chini. Kipande cha lami cha kutoka Wasso kilipokwisha niliteremka ule mteremko kwa gia ndogo, ziwa jeupe mbali chini yetu, mikono yangu imekauka kwenye usukani. Nilikuwa nasubiri kelele zake. Hazikuja. Nilipotupa jicho nikamwona amelala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi. Niliuinamia uso wake kidogo nisikie kama anapumua. Alikuwa anapumua.

Tulikuwa tumekubaliana kulala Engaruka. Jua lilikuwa bado lipo juu tulipofika, na barabara mbele ilikuwa nyeupe, haina mtu. Sikumwamsha. Nilipita.